Kabati Lenye Afya Njema

Kwa miaka tisa karatasi kutoka Nairobi zilisema kwamba mwili wangu haujawahi kuguswa na mionzi. Zilibandikwa kwenye ubao wa matangazo karibu na chumba cha kubadilishia nguo, jina la kila mmoja wetu na mbele yake sifuri. Mimi nilikuwa muuguzi wa upasuaji wa mifupa katika hospitali moja ya hapa Kisumu, na siku nyingine nilisimama kando ya mashine ya eksirei tangu asubuhi hadi alasiri. Mtu mwenye akili angeuliza mionzi yote ile ilikuwa inakwenda wapi. Mimi niliisoma karatasi, nikatia sahihi kwamba nimeiona, nikaenda kunywa chai.

Kazi haikutuishia. Wagonjwa wetu wengi waliletwa na bodaboda, wengine wakiwa madereva, wengine abiria, wengine wapita njia waliokuwa wamesimama tu kando ya barabara wakijishughulisha na maisha yao. Walitoka mjini, walitoka Ahero, walitoka Katito, kwetu Nyakach, pale njia inapokata kwenda Kendu Bay. Mfupa wa paja ukivunjika, daktari hupitisha chuma ndani yake na kukifunga kwa skrubu, na ili ajue chuma kinaelekea wapi anahitaji kuona ndani ya mguu wakati huohuo anapofanya kazi. Ndiyo sababu ya ile mashine. Ilikuwa na mkono uliopinda kama herufi C, mguu wa mgonjwa ukikaa katikati. Daktari alikanyaga pedali, picha ya mfupa ikatokea kwenye kioo. Kila alipokanyaga, mionzi ilitoka, ikampiga mgonjwa, na nyingine ikamrukia aliyesimama karibu. Hayo niliyajua. Tulifundishwa chuoni. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu kama ningekuwa mjinga ningekuwa na udhuru.

Daktari wetu wa mifupa alikuwa fundi kweli, na alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Alikuwa mtu mkubwa wa mwili na wa sauti, na pedali ile aliikanyaga kama dereva wa lori anayepanda mlima. Wengine hukanyaga, wakaangalia, wakaachilia. Yeye alikanyaga akaacha mguu palepale huku akisimulia habari za mpira. Mwenzetu wa eksirei akimwambia apumzishe mguu, alijibu, "Mionzi ni ya waoga. Mimi nimekula hii kitu miaka mingapi, na niko hapa."

Tulikuwa na aproni tatu za risasi kwa watu sita. Risasi ninayosema ni yale madini mazito ya kuzuia mionzi, siyo ya bunduki, ingawa kuna mgonjwa mmoja aliyewahi kutaka kushuka mezani aliposikia ninaulizwa, "Sista, risasi iko wapi?" Aproni mbili zilikuwa kuukuu. Ya tatu ilikuwa mpya, ya buluu, na hiyo ilikuwa ya daktari peke yake. Akimaliza aliivua, akaikunja mara mbili kama taulo, akaitupa juu ya kiti. Sisi tuliitazama ile aproni ya buluu kwa wivu. Waliochelewa kufika asubuhi walifanya kazi bila aproni, wakijificha nyuma ya wenzao.

Na sasa nije kwa msimamizi wetu wa usalama wa mionzi. Huyu alikuwa ametunza stoo ya hospitali kwa muda mrefu. Siku moja alipelekwa semina ya siku mbili Naivasha, akarudi na cheti, cheti kikatiwa fremu, na kuanzia hapo akawa mtaalamu. Jukumu lake kubwa lilikuwa beji. Beji ni kidude kidogo cha plastiki ambacho mfanyakazi hubandika kifuani au kwenye ukosi, nacho hukusanya habari za mionzi inayomfikia. Kila baada ya miezi mitatu beji hupelekwa Nairobi kusomwa, na mpya huletwa. Mwaka wa kwanza beji mbili zilipotea. Moja ilifuliwa pamoja na gauni, nyingine haikuonekana tena. Msimamizi aliumia sana, kwa sababu kitu kilichopotea ndicho kitu pekee alichofundishwa kuogopa maishani. Akatafuta dawa. Beji zote akazifungia kwenye kabati la chuma ofisini kwake, upande wa pili wa jengo. Baada ya miezi mitatu alizitoa, akazitia kwenye bahasha, akazituma. Tangu hapo haikupotea hata moja, na sifuri zikaanza kumiminika.

Nilimwambia mara moja tu. Nilimkuta kwenye korido nikasema, "Lakini hizo beji si tunatakiwa kuzivaa?"

"Mama," akasema kwa upole wa mtu anayemweleza mtoto, "zikivaliwa zinapotea."

Nikaondoka. Miaka ikaenda.

Katika miaka hiyo jua lilianza kunichokoza. Nyumbani kwa mume wangu ni ng'ambo, upande wa Mbita, na tukienda kwa mazishi au sikukuu tunapanda feri pale Luanda Kotieno. Zamani nilipenda kukaa ubavuni mwa feri nitazame maji. Sasa maji yalinipiga usoni kama mtu anayenimulika kwa kioo kilichovunjika, na kila taa ya gari ilikuwa na manyoya pembeni. Nilikuwa na umri wa miaka arobaini na minane. Nikasema ni uzee, nikanunua miwani ya jua kwa mchuuzi wa kituo cha basi, nikaendelea na mambo yangu. Muuguzi ndiye mgonjwa mzembe kuliko wote, kwa sababu amezoea kuwakaripia wengine.

Ndipo akaja mtafiti.

Watu wa ziwa tumepimwa sana. Wamekuja wa malaria, wamekuja wa ukimwi, wamekuja wa kichocho, na damu yetu imepanda ndege kuliko sisi wenyewe. Wanakuja na fomu, wanatoa fulana na soda, halafu wanakwenda kuwaambia watu wengine, katika hoteli za miji mingine, jinsi tunavyoumwa. Kwa hiyo tuliposikia kuna daktari wa macho anayechunguza macho ya wafanyakazi wa eksirei na thieta katika hospitali za kandokando ya ziwa, jambo la kwanza tulilouliza ni kama fulana zipo za saizi kubwa.

Alikuwa binti mdogo wa mwili, bado akisomea ubingwa wa macho. Wazazi wake walikuwa wafanyabiashara waliotoka upande wa Murang'a, lakini yeye alizaliwa papa hapa Kisumu. Msimamizi hakujua hilo. Alitukusanya kwenye chumba cha mikutano, akamkaribisha mgeni kwa Kiswahili cha redioni, kisha akamgeukia daktari wa mifupa na kumwambia kwa Kijaluo kwamba huyu msichana apewe chai aende zake. Binti akamjibu kwa Kijaluo kilekile, safi kuliko chake, kwamba chai angeomba isiyo na sukari.

Nilimpenda hapohapo.

Msimamizi hakutetereka. Alitoa hotuba. Alisema hospitali yetu ni mfano, alisema rekodi zetu ni safi, akamkabidhi faili zima la sifuri zetu. Binti akalipokea kwa mikono miwili na furaha kubwa, maana watafiti wanapenda faili kuliko wanavyopenda watu. Tukagawiwa fomu. Swali mojawapo liliuliza kama unavaa beji yako kila wakati, mara nyingi, mara chache, au huivai kabisa. Msimamizi alikuwa akipita katikati ya viti mikono ikiwa nyuma, kama mwalimu wa zamu siku ya mtihani. Nikaweka alama kwenye "kila wakati." Wenzangu wote wakafanya hivyohivyo. Nilijiambia ni kwa sababu ya msimamizi. Ukweli ni kwamba mkono uliandika wenyewe. Miaka ya kutia sahihi huufundisha mkono kutofikiri.

Daktari wa mifupa alikataa kupimwa macho. "Mimi naona vizuri," alisema. "Muulizeni mgonjwa yeyote." Kisha akaondoka na mandazi mawili.

Zamu yangu ilifika baada ya wiki moja. Binti alikuwa amepewa chumba kidogo cha kliniki ya wagonjwa wa nje, pazia limefungwa, taa yake ya kuchunguzia ikiwa mezani. Alinitia matone ya kupanua mboni, nikaketi nikisubiri yafanye kazi, kisha nikaweka kidevu kwenye kifaa chake. Alitazama jicho la kulia haraka. La kushoto akalitazama, akarudia, akatengeneza taa, akalitazama tena. Nimefanya kazi na madaktari miaka mingi. Daktari akinyamaza namna ile huwa hatafuti maneno, anayo tayari, anatafuta pa kuanzia.

"Mama, jua linakusumbua?"

"Nani halimsumbui Kisumu?"

"Zaidi ya zamani?"

Nikamweleza habari za feri.

"Una sukari?"

"Sina. Nimepima mwaka huu."

"Umewahi kutumia dawa za steroidi kwa muda mrefu? Za pumu, za mifupa?"

"Hapana."

Akavuta kiti karibu. "Kuna ukungu kidogo nyuma ya lenzi ya jicho lako la kushoto. Ni mtoto wa jicho anayeanza. Usiogope, ni mdogo, na akikua anatolewa. Lakini mahali alipokaa ndipo panaponishangaza. Wa uzee mara nyingi haanzii pale. Wa pale huletwa na sukari, au dawa nilizokuuliza, au mionzi." Akafungua faili la sifuri, akapitisha kidole mpaka kwenye jina langu. "Na wewe hupati mionzi kabisa. Thieta unasimama upande gani?"

"Upande wa bomba la mashine, inakotokea mionzi. Mashine ikiwa kushoto kwangu."

"Na beji unaivaa wapi? Kwenye ukosi, au ndani ya aproni?"

Ningeweza kusema kwenye ukosi. Neno lilikuwa tayari mdomoni.

"Beji yangu iko kabatini," nikasema.

"Leo?"

"Siku zote. Zote ziko huko. Msimamizi anazifungia zisipotee."

Kisha akaweka kalamu chini taratibu, kama kitu kinachoweza kuvunjika. "Kwa hiyo wiki nzima hii," alisema, "nimekuwa nikinakili habari za kabati."

"Kabati lina afya njema sana," nikamwambia.

Nikacheka. Yeye hakucheka. Aliendelea kunitazama kwa macho yale ya kijana ambaye bado anaamini kwamba watu wazima wana sababu za mambo wanayofanya, na kicheko changu kikaisha chenyewe. Nikasikia aibu ambayo sikuisikia siku ya kuweka alama ya uongo.

Kesho yake nilikwenda ofisini kwa msimamizi. Nilimkuta anafuta vumbi kwenye fremu ya cheti chake.

"Nimekuja kuchukua beji yangu."

"Ya nini?"

"Ya kuvaa."

Akaweka kitambaa chini. "Mama, wewe ni mtu mzima. Fikiria kidogo. Hizi vitu zikivaliwa zitasoma."

"Si ndiyo kazi yake?"

"Zikisoma, Nairobi watauliza kwa nini zimesoma. Wakiuliza, watakuja. Wakija, watafunga mashine. Mashine ikifungwa, wewe utafanya kazi wapi?" Akanyanyua mikono kama mtu aliyemaliza hesabu ngumu ubaoni. Na lililoniudhi zaidi ni kwamba alikuwa anaamini kila neno. Nimewahi kukutana na waongo wajanja, na hao mtu anaweza hata kuwaheshimu kidogo. Huyu hakuwa mwongo. Kwake mionzi ilianzia kwenye karatasi. Karatasi ikiwa nyeupe, hakuna mionzi.

Sikupata beji. Binti alipata dawa yake mwenyewe. Chuo chake kilikuwa na beji za ziada za utafiti, akazileta, akatugawia sisi watu wa thieta tuliokubali, moja ya ukosini juu ya aproni na moja ya ndani. Daktari wa mifupa alichukua ya kwake kwa mzaha, akaibandika kwenye kofia, akasema anataka kuwaonyesha waoga namna mwanamume anavyosomeka. Beji moja binti aliomba ruhusa ya kuiweka ndani ya lile kabati. Msimamizi alikubali kwa furaha. Alidhani ni heshima.

Asubuhi moja kabla ya kazi tulizipima pia aproni. Hilo lilikuwa wazo la mwenzetu wa eksirei, ambaye alikuwa amelitaka miaka mingi akikosa mtu wa kumsikiliza. Unatandaza aproni mezani, unaipiga picha kama mgonjwa, na mahali risasi ilipopasuka panaonekana. Zile kuukuu mbili zilikuwa na nyufa hapa na pale. Kisha tukatandaza ile ya buluu. Picha ikatokea, na sote watatu, mimi, binti na mwenzetu wa eksirei, tukasogea kwenye kioo. Ilikuwa imepasuka kutoka ubavu hadi ubavu, sawasawa na mistari ya kukunjia. Aproni ya risasi hutundikwa; ukiikunja risasi ya ndani inakatika, na nje kitambaa kinabaki kizuri. Miaka yote tuliyomwonea wivu, daktari wetu alikuwa amevaa pazia.

Tulimwonyesha picha. Aliitazama akasema mashine ina hitilafu.

Miezi mitatu ilipoisha beji za binti zilikwenda kusomwa na majibu yakarudi. Sitataja namba, kwa sababu namba ni za utafiti wake, na kwa sababu sitaki mtu azichukue akazibandike ubaoni. Itoshe kusema kwamba yangu ya ukosini ilisoma, ya mwenzetu wa eksirei ilisoma, na ile ya kofia ya daktari ilisoma kuliko zote. Ya kabatini ilikuwa sifuri.

Binti aliwaandikia wakubwa wa hospitali, kama utafiti wake ulivyomtaka afanye. Wiki iliyofuata mimi nikapokea barua. Ilinitaka nijieleze ndani ya siku saba kwa nini nisichukuliwe hatua kwa kutoa habari za ndani kwa mtu wa nje na kuharibu jina la hospitali. Niliisoma nikiwa nyumbani Kaloleni, nimekaa kwenye kiti cha jikoni, mume wangu akimenya ndizi. Akaniuliza nitajibu nini. Nilikuwa nimeandaa kichwani maneno mengi makali. Mwishowe niliandika mstari mmoja: "Nilivaa beji kama ninavyotakiwa." Nikatia sahihi. Hiyo ilikuwa sahihi ya kwanza kwa miaka tisa niliyoitia nikijua ninachokifanya.

Hawakunijibu, na sababu haikuwa mimi. Sababu ilikuwa skrubu.

Siku moja baada ya ile barua, mezani alikuwa mama mmoja muuza omena, wale dagaa wa ziwani, abiria wa bodaboda, paja limevunjika. Chuma kiliingia vizuri. Tukafika kwenye skrubu za chini. Daktari akaingiza ya kwanza, akakanyaga pedali, akatazama kioo.

"Iko sawa," akasema. "Nyingine."

Nilitazama kioo hichohicho. Ncha ya skrubu ilikuwa imetoka upande wa pili wa mfupa, imeingia kwenye nyama.

"Daktari, imepita."

"Haijapita."

"Imepita mfupa. Tazama chini, upande wa ndani."

Akakanyaga pedali tena. Akaiacha palepale kama kawaida yake, lakini safari hii hakusimulia mpira. Alisogeza kichwa mbele, akakirudisha nyuma, akakiinamisha. Kisha akaniuliza kwa sauti ndogo ambayo sikujua kwamba anayo, "Imepita kiasi gani?"

Hapo nikaelewa, na nikaelewa vilevile kwamba nilikuwa nimeelewa siku nyingi. Kwa miezi kadhaa alikuwa ananiuliza, "Sista, hiyo unaionaje?" nami nikadhani sasa anatuheshimu. Alikuwa anataka taa za meza zigeuzwe. Alikuwa anawafokea watu kwamba kioo ni kichafu, nasi tunakifuta. Wote pale chumbani tulikuwa tunaona kwa niaba yake, na hakuna aliyesema.

"Kiasi cha nyuzi tatu za skrubu," nikamwambia. "Itoe. Nakupa fupi."

Akaitoa. Nikampa fupi. Nikamwongoza kama unavyomwongoza mtu anayerudisha gari nyuma, na yule mama akaenda wodini salama. Baada ya miezi michache alirudi kliniki akitembea, akamletea daktari omena kwenye mfuko na kuyabariki macho yake mazuri.

Siku ya ile skrubu, tukiwa kwenye sinki tunanawa, daktari alikaa muda mrefu na maji yakimwagika. Akitaka kitu aliniita Nyar Nyakach, binti wa Nyakach, kama tunavyoitana watu wa huku.

"Nyar Nyakach, ile skrubu umeiona kwa jicho gani?"

"La kulia, Daktari. La kushoto limeharibikia humu ndani."

Alizima bomba akatoka. Nilitarajia kumwonea huruma, lakini haikuja. Nilichosikia ni uchovu, na hasira kwamba mtu mwenye mikono kama ile alikuwa tayari kuichezea miili ya watu ili tu asionekane mwoga.

Alikwenda kwa binti wa macho wiki hiyohiyo, kimyakimya, akipitia mlango wa nyuma kama mwenye ugonjwa wa aibu. Mwenyewe ndiye aliyeniambia baadaye: macho yote mawili, na la kulia lilikuwa limefika pa kufanyiwa upasuaji. Kisha, bila kimya chochote, alipanda ofisini kwa wakubwa. Sauti yake ilisikika mpaka maabara. Alitaka aproni mpya. Alitaka miwani ya risasi ya kukinga macho. Alitaka ngao za kuning'iniza mezani. Alitaka kila mtu akaguliwe macho kila mwaka. Alitaka beji zitoke kabatini siku hiyohiyo.

Na zikatoka siku hiyohiyo. Vitu vingine vikafuata kabla ya miezi miwili kwisha. Nakumbuka nilivyosimama mbele ya aproni mpya zilizotundikwa kwenye vibanio vyake, nzuri, kila moja na saizi yake, nikatamani kuzishusha zote chini nizikanyage. Wauguzi walikuwa wamelalamika. Mwenzetu wa eksirei alikuwa ameandika barua, nakala anazo. Kumbe kilichokosekana ni jicho la daktari mmoja kuingia ukungu. Langu, la muuguzi, halikutosha.

Msimamizi wa usalama hakudhurika. Watu wa namna yake hawadhuriki, wanazama na kuibukia mahali penye jua zaidi. Wakaguzi walipokuja aliwatembeza, akawaonyesha aproni, akawaeleza kwamba hospitali iliona umuhimu wa kualika utafiti huru ili ijitathmini. Baadaye alisimama kwenye kikao cha hospitali za mkoa akawasilisha picha zetu za aproni zilizopasuka, zikiwa na jina lake chini, chini ya kichwa cha habari kilichosema kinga ni bora. Nasikia sasa anaalikwa kufundisha hospitali nyingine. Cheti cha pili kimetiwa fremu.

Binti alimaliza utafiti wake. Ilibidi aanze upya sehemu nzima, kwa sababu baada ya kwetu alirudi katika hospitali nyingine alizopita, akauliza swali lilelile ana kwa ana bila fomu, na akakuta makabati mengine. Alinipigia simu kunieleza kwamba ameandika ndani yake kuwa majibu ya fomu pekee hayaaminiki, kwa sababu wafanyakazi hujibu kwa woga. Nikamwambia amekuwa mpole mno kwetu. Wengine hatukuwa na woga. Tulikuwa na uvivu.

Mimi niliomba kuhama thieta. Daktari alikuwa amerudi kazini, jicho moja limeshatengenezwa, mguu wake sasa ukigusa pedali na kuachilia, kugusa na kuachilia, kama mtu anayekanyaga makaa. Aliniuliza atabaki na nani. Nikamwambia atabaki na miwani yake. Ukungu wa jicho langu bado upo, unakaguliwa kila mwaka, haujakua sana.

Sasa nipo kliniki ya akina mama wajawazito, ambako kuna mashine ya kumwangalia mtoto tumboni. Mashine ile haitumii mionzi, inatumia sauti isiyosikika, na nimejipa kazi ya kumweleza hivyo kila mama anayeingia. Namweleza pia kwamba siku yoyote akipelekwa eksirei aseme kwanza kuwa ana mimba, aulize kwa nini anapigwa picha, aulize kama kuna njia nyingine, na asiogope sura ya daktari. Mkuu wa kliniki amenilalamikia mara kadhaa kwamba nachelewesha foleni. Namjibu kwamba foleni haijawahi kufa kwa kuchelewa.

Juzi aliingia mwanamke mmoja kutoka upande wa Dunga, mimba ya kwanza, akauliza kitu kwa sauti ya chini huku akitazama mashine. Nikaketi kitini, nikaanza tangu mwanzo, sauti, mionzi, haki yake ya kuuliza, yote. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Asante, Sista," akasema. "Lakini mimi niliuliza kama nivue viatu."

Nikamwambia avue. Alipolala kitandani nikamrudishia yale ya eksirei mara ya pili, kwa kifupi.